Watoto Walioandikwa Figo

Bawabu alikataa kabla mama Ambwene hajafika mwisho wa sentensi.

"Maneno haya nimeshayasikia," sauti ilisema kutoka ukutani, sauti ya taratibu kama ya msoma taarifa ya habari. "Mzazi aseme kwa maneno yake mwenyewe."

Mkekani walikuwa wamekaa watu wanne, na hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake. Mama mtoto, Tusekile, alikuwa bado ameibana mikono magotini kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Alikuwa amepanda mlima kutoka Kyela na mwanawe mgongoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chepesi, chenye mbio. Lakini alichokisema sasa hivi kilikuwa kitu kingine kabisa. "Natambua kwamba dawa hii haijasajiliwa kwa maradhi ya mwanangu na kwamba faida zinazotarajiwa zimepimwa dhidi ya..." Hata yeye mwenyewe alionekana kushangaa maneno hayo yamefikaje kinywani mwake.

Sekela, mfamasia wa wodi ya watoto, alifumba macho. Alijua yalikotoka.

"Nani kakufundisha, mama?" aliuliza Dokta Luvanda. Huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, mwanamke mrefu mwenye sweta la kijivu, na alipouliza swali kwa upole hivyo, watu wa hospitali walijua kuna mtu atakiona.

Jicho la Tusekile lilikimbilia mlangoni, ambako Nesi Gwantwa alikuwa ananyoosha pazia lililokuwa limenyooka siku zote.

"Nimemsaidia tu, Dokta," Gwantwa alisema bila kugeuka. "Kina mama wakifika hapo wanababaika. Nikamwambia jibu zuri."

"Gwantwa, huu si mtihani wa darasa la saba."

"Mbona yule wa juzi alipita?"

"Alipita kwa sababu ulikuwa hujawakaririsha wodi nzima."

Daktari wa mtoto, Shilinde, kijana wa Kisukuma mwenye mabega mapana, aliyehamia hapo mwaka huo, hakucheka. Alikuwa ameshainuka, anatazama kwenye kioo cha chumba cha pili, ambako Ambwene alilala na mirija puani. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa unarukaruka juu ya shuka. Degedege ilikuwa haijamwacha tangu alfajiri. Ilipungua, ikarudi, ikapungua, ikarudi, na kila iliporudi ilikaa zaidi.

"Saa lazima ipite," alisema Luvanda, naye sauti imempungua. "Bawabu akikataa hasikilizi tena mpaka saa ipite. Kunjeni mkeka."

*

Nchi nzima wanakiita kikao cha ridhaa. Huku juu tu, kwenye mvua na migomba, ndiko wanakotandika mkeka, kwa sababu Luvanda aligundua zamani kuwa mzazi ukimweka kwenye kiti mbele ya meza atakubali chochote, hata umwambie unamkata kichwa. Mkekani hukaa daktari, mfamasia, mwenyekiti na mzazi. Daktari anasema anachokijua kuhusu dawa, kisha, na hili ndilo gumu, anasema asichokijua. Mzazi anarudisha kwa maneno yake. Bawabu, mashine inayolinda kabati la dawa katika kila hospitali, anasikiliza. Akiridhika kwamba mzazi ameelewa, kijimlango cha chuma kinafunguka na dawa inatoka.

Kwa dawa iliyo ndani ya cheti cha usajili wake hakuna mkeka wala maneno. Unataja ugonjwa, unataja kilo, mlango unafunguka. Mkeka ni wa nje ya cheti: dawa iliyosajiliwa kwa maradhi haya, daktari anataka kuitumia kwa yale.

Selotani, dawa waliyomtakia Ambwene, ilikuwa imesajiliwa kwa watu waliopandikizwa figo, basi. Ilikuwa dawa sikivu, kama zilivyo karibu zote siku hizi: ikishaingia mwilini haimwagiki ovyo, inasikiliza damu na kujitoa kidogokidogo kufuatana na ugonjwa iliotajiwa, na ikiamriwa inyamaze, hufunga. Kazi yake ni kuwatuliza askari wa mwili wasiishambulie figo ngeni. Na askari wa mwili wa Ambwene walikuwa wamegeuka wakaushambulia ubongo wake mwenyewe. Dawa za degedege zote zilikuwa zimejaribiwa. Hapo ndipo Shilinde alipoitaja selotani, na Sekela, aliyewahi kuisoma kwenye masomo yake, akaona ina mantiki.

Sasa Shilinde alimfuata Sekela hadi chumba cha dawa, akafunga mlango kwa kisigino.

"Mwambie Bawabu ni figo," alisema.

"Nini?"

"Sekela, unanisikia vizuri. Figo, kilo kumi na tatu. Cheti hakiulizi umri, kinauliza uzito. Atafungua sasa hivi. Kwa nini tukae saa nzima tunamtazama mtoto anapasuka kichwa kwa sababu ya ujinga wa Gwantwa?"

Sekela aliegemea rafu. Chini, kwenye chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi, alikuwa na binti wa miezi mitano, na tangu asubuhi kila Ambwene alipogumia, maziwa yalimchuruzika bila kuitwa. Alikuwa amevaa koti la pili kuficha la kwanza lililolowa. Hakutaka kusubiri hata dakika. Hilo ndilo lililomtisha, jinsi alivyotaka kusema ndiyo.

"Nikisema figo," alisema polepole, "dawa itatafuta figo. Itajitoa kama kwa mtu mwenye figo ya kupandikizwa. Na saa ikigonga Bawabu wataambiana nchi nzima. Itaingia kwamba kuna mgonjwa wa figo wa kilo kumi na tatu."

"Na iingie. Atakufa nani kwa hilo?"

"Wewe unajuaje kipimo cha mtoto?"

Shilinde aligeuza macho, akaanza kusoma lebo za rafuni. 

"Wewe ulishawahi," Sekela alisema.

"Kila mahali wanafanya, dada yangu. Msijifanye watakatifu huku mlimani. Kule nilikokuwa hakuna mikeka, kuna foleni. Mtoto anakuja kama huyu, unaandika figo, anapona, anakwenda kwao."

"Wangapi?"

"Wawili."

"Wakapona?"

Alijikuna kidevu, akatazama chupa za maji ya dripu kana kwamba zitamjibia. "Mmoja yuko shule. Mama yake hunitumia picha, anacheza mpira. Mwingine..." Akashika kitasa cha mlango, akakiachia. "Mwingine degedege ilikata kabisa. Ila macho yalikwenda."

"Yalikwendaje?"

"Haoni, Sekela. Unataka nikuchoree?"

Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga bati kwa fujo.  Asubuhi hiyohiyo, kabla ya kikao, Sekela alikuwa amemuuliza Bawabu ni watoto wangapi wamewahi kupewa selotani, akajibiwa hakuna hata mmoja. Akamwambia Tusekile hivyo kwa mdomo wake, na Tusekile akasema basi Mungu atatangulia, mwanangu atakuwa wa kwanza.

"Ungesema wakati ule," alisema, "leo tungejua."

"Ningesema, ningefungwa mkono." Ndivyo walivyoita: atakayebainika kumdanganya Bawabu, idhini yake ya kuandika dawa inakatwa papo hapo. "Nina wadogo zangu wanne wananitazama. Halafu ungebaki na nini, daktari mzuri asiyeweza kutibu?" Alishusha sauti. "Hukutaka figo, sawa. Tukae mkekani, mama aseme maneno yake, mtoto apate dawa. Nitaomba kipimo kidogo, sijali. Lakini hilo la macho libaki humuhumu. Ukilitoa, Bawabu atasimamisha kikao, na huyo mtoto hana saa nyingine ya kusubiri. Utakuwa umemuua kwa ukweli wako."

Akafungua mlango, akatoka.

*

Mkeka ulipotandikwa tena, mkono wa kulia wa Ambwene nao ulikuwa umeanza.

Tusekile alikaa karibu zaidi na kioo safari hii, mgongo umegeukia kwa Luvanda, na hakuna aliyemwambia ageuke. Shilinde alisema anachokijua. Alikisema vizuri. Alipofika kwenye asichokijua, akasema hajui kipimo kamili cha mtoto, hajui dawa itachukua muda gani, hajui degedege itarudi au la. Kila neno lilikuwa la kweli. Sekela aliyasikiliza yote akingoja moja zaidi, na halikuja.

"Sasa wewe, mama," alisema Luvanda. "Usitafute Kiswahili cha ofisini. Sema kama unamsimulia dada yako."

 Tusekile aligeuka.

"Niulize kwanza?"

"Uliza."

"Huyu sista wa dawa aliniambia hakuna mtoto amewahi kunywa hii. Ni kweli hakuna? Hata mmoja? Maana mimi nikiwa na shida ya mtoto natafuta mama mwenzangu aliyepita hapo, nimuulize wake alikuwaje."

"Hakuna mtoto aliyewahi kupewa dawa hii," alisema Bawabu kutoka ukutani, kwa upole uleule.

Shilinde alikuwa anatazama mkeka. Sekela aliona mshipa unampiga shingoni. Akawaza, mlango ukifunguka sasa, mtoto ataipata dawa kabla robo saa haijaisha. Akanyamaza. Akaona kichwa cha Ambwene kinageukia upande, kinarudi, kinageukia. Kunyamaza kulikuwa kitu chepesi mno, hakikuhitaji hata kufumba mdomo, ulikuwa umefumbika tayari. Na Tusekile alikuwa anamtazama yeye. Si daktari, si mwenyekiti. Yeye aliyemwambia hakuna.

"Wapo," Sekela alisema.

"Sekela," alisema Shilinde.

"Wapo, mama. Nilikwambia hakuna kwa sababu sikujua. Wapo wawili, waliandikwa figo. Mmoja anasoma. Mmoja haoni."

Sauti ya mlio mwembamba ilitoka ukutani. "Kikao kimesimama. Kuna habari ya matumizi yaliyofichwa. Mlango hautafunguka mpaka habari hiyo ikamilike."

Tusekile alisimama wima. "Haoni? Dawa hii? Mlikuwa mnampa mwanangu dawa ya upofu, mmekaa hapa mnanipigia soga?"

"Nani kawaandika?" Luvanda aliuliza, ingawa alikuwa tayari amemgeukia Shilinde. "Mimi nimeketi na wewe mkeka mmoja, Shilinde. Mkeka mmoja."

"Nilikwambia," Shilinde alimwambia Sekela, sauti kavu. "Nilikwambia atasimamisha." Alikuwa ameshainuka, na kwa muda mfupi ikaonekana kama anaelekea mlangoni, na Gwantwa mlangoni pale akasogea kumpisha. Mashine ya Ambwene ikaanza kulia chumba cha pili. Nesi mmoja akakimbia. Tusekile akataka kukimbia naye, Luvanda akamshika mkono, akamwachia, asijue lipi la kufanya.

 Sekela alimtazama Shilinde na kusema, "Wa kwanza alikuwa na kilo ngapi?"

Shilinde alisimama na mkono kwenye mlango.

"Dokta. Kilo ngapi?"

"Kumi na nne," alisema. Akageuka. Alisema akimtazama Bawabu, si watu. "Kumi na nne na nusu. Huyo ndiye wa macho. Alipata kipimo kamili cha figo, chote, mara mbili. Macho yalianza siku ya pili. Wa pili alikuwa na kumi na sita, lakini alitapika. Alitapika kidonge cha kwanza karibu chote na cha pili hatukumpa, dawa ilikuwa imekwisha. Yeye ndiye mcheza mpira." Akapumua kama mtu aliyebeba gunia ngazi nzima. "Kwa hiyo ni nusu. Au chini ya nusu. Sikuwahi kuwaweka pamoja nikawatazama. Sikutaka kuwatazama."

"Mtoa habari ataje jina lake," alisema Bawabu.

"Madaha Shilinde."

"Idhini ya Daktari Madaha Shilinde ya kuandika dawa imesitishwa. Habari imepokelewa. Kikao kinaweza kuendelea na daktari mwingine."

Daktari mwingine wa watoto alikuwa kwenye chumba cha upasuaji. Luvanda alitazama vidole vyake mwenyewe. Hakuwa ameandika dawa tangu alipoingia ofisini, na kila mtu mle ndani alilijua hilo.

"Nitaandika mimi," alisema. "Theluthi ya kipimo, Sekela, tukubaliane? Theluthi, halafu tunatazama." Kisha akamgeukia mama, na safari hii hakumwambia aseme vipi. "Mama. Ni juu yako. Ukikataa hakuna atakayekulaumu hapa."

Tusekile alikuwa kwenye kioo tena, paji la uso limegusa. Aliongea bila kuwatazama.

"Dawa ni ya watu wa figo. Mwanangu figo hana shida. Kuna mtoto ilimwachia uhai ikamchukua macho, kuna mtoto imemwachia vyote. Wangu hamjui atakuwa yupi, na huyu kaka ambaye angejua alijifanya hamnazo. Mtampa kidogo. Kidogo hicho hamjui kama kinatosha." Alijifuta pua kwa upindo wa kanga. "Asiye na macho nitamshika mkono. Aliyekufa nitamshika wapi? Mpeni."

Kijimlango cha chuma kilifunguka.

*

Kesho yake jua lilitoka, jambo lisilo la kawaida huko kwa msimu ule, na Ambwene akalala usingizi wa kweli, wa kukoroma. Degedege ilikuwa imekata usiku. Gwantwa alimletea Tusekile chai na maandazi, akamwekea bila neno, akarudi akaweka sukari ya ziada.

Sekela alikuja kabla ya zamu yake. Akauliza, mtoto ameamka? Bado. Ameita? Bado. Wote wawili wakakaa kando ya kitanda wakiyatazama macho yaliyofumbwa, na kila kope zilipotikisika, wakainama karibu zaidi.

"Wako wa kwanza?" Tusekile aliuliza, akitazama koti lililolowa.

"Wa kwanza. Msichana."

"Nenda kamnyonyeshe."

"Nitakwenda."

Hakwenda. Saa ilikuwa imegonga mara nyingi tangu jana, na kila ilipogonga Bawabu wa nchi nzima walikuwa wamepokea kwamba selotani imewahi kupewa watoto watatu, na jina la aliyesema. Shilinde alikuwa ameambiwa aende nyumbani akasubiri barua. Asubuhi Sekela alimkuta kwenye benchi la ukumbini, hana koti, amevaa fulana ya mpira, anaongea na simu kwa sauti ya chini. Alimpita. Hakujua amsalimie kama nani.

Ambwene aliamka kwa kulia. Si kilio cha maumivu, kilio cha kuudhika, cha mtoto aliyeamshwa. Tusekile alimrukia. "Baba, baba yangu, mimi hapa." Mtoto aliuzika uso kifuani mwa mama, akabana macho, akaupiga mkono hewani.

"Ana hasira," alisema Tusekile, akicheka na kulia. "Huyo ndiye mwanangu, ana hasira."

Hapo mlango ukafunguka, Shilinde akasimama kizingitini na simu mkononi. Hakuvuka. Hakuwa na ruhusa ya kuvuka.

"Kuna mwenzangu kanipigia," alisema haraka. "Wa hospitali ya kusini, simfahamu. Kaliona jina langu. Naye alikuwa na mtoto, msichana, alimwandika figo. Anasema kabla macho hayajaharibika mtoto aliogopa mwanga. Alikataa dirisha. Wakainyamazisha dawa siku hiyohiyo, macho yakabaki."

Sekela alitazama dirisha. Jua lilikuwa limejaa kitandani lote. Akamtazama Ambwene, uso umezikwa kwenye kanga, ngumi ndogo zimefunika macho.

Alivuta pazia. Mtoto akapunguza kulia. Akalifungua kidogo tu. Mtoto akapiga yowe.

Tusekile alielewa kabla ya mtu kumweleza. "Inyamazishe."

"Mama Ambwene, tukiinyamazisha, degedege inaweza kurudi. Haijafanya kazi hata siku nzima."

"Nimesikia. Inyamazishe."

Kisemeo cha kuiamuru dawa kilikuwa kidude bapa, mfano wa kifuniko cha chupa. Sekela alikibandika juu ya kitovu cha mtoto, akabonyeza.  Ndani ya tumbo lile dogo dawa ilipokea amri, ikafunga. Hakuna kilichosikika. Ndiyo ubaya wa dawa sikivu: zikikutii hazisemi.

Wakakaa gizani, pazia limefungwa. Sekela alishika mkono wa kushoto wa Ambwene, Tusekile wa kulia, kila mmoja akingoja kuona kama utaruka. Nje mtu alipita na toroli la chakula. Mkono haukuruka. Ukatoka jasho ndani ya mkono wa Sekela, ukajaribu kujichomoa kama mkono wa mtoto yeyote aliyeshikwa asipotaka.

Ikapita muda. Tusekile aliinuka akalisogeza pazia kwa upana wa kidole, kisha viwili. Mtoto alikunja uso. Hakulia. Akafumbua jicho moja, akalifumba, akafumbua yote mawili, mekundu, yamejaa tongotongo, yakatangatanga darini, ukutani, yakapita juu ya uso wa mama yake bila kusimama, na Tusekile akaacha kupumua.

Kisha yakasimama mlangoni, kwa mtu mrefu mwenye fulana ya mpira ambaye alikuwa bado hajaondoka.

"Mama," alisema Ambwene, sauti imekwaruza, "huyo anatuangalia."